Simba wa Nusu Kilo

Ukimwambia mtu kwamba yuko simba ambaye uzito wake haufiki ule wa pakiti ya sukari ya kilo moja, atakuona umepagawa. Lakini yuko! Wala si simba wa mbugani. Ni tumbili mdogo wa misitu ya Brazili aitwaye tamarini-simba wa dhahabu. Manyoya yake yang'aa kama dhahabu, na yale marefu yamemzunguka usoni kama ya simba dume. Uzito wake? Nusu kilo na ushei tu!

Porini hupatikana katika jimbo la Rio de Janeiro pekee, kwenye mabaki ya Msitu wa Atlantiki. Siku nzima yumo mitini akitafuta matunda, wadudu na mijusi wadogo. Vidole vyake ni virefu na vyembamba, navyo huvipenyeza chini ya magome ya miti kumtoa mdudu aliyejificha. Kucha zake nazo ni kali, si bapa kama zetu. Usiku ukiingia, jamaa yote hubanana ndani ya shimo la mti, wakalala salama.

Sasa sikia kioja. Mama kwa kawaida huzaa pacha. Huo si mzigo mdogo kwa mnyama wa kimo hicho! Basi baadaye baba huwabeba watoto mgongoni, na kaka na dada zao humpokea. Mama huwachukua wanapotaka kunyonya. Hata chakula wakubwa huwagawia wadogo. Kwa njia hii vijana hujifunza ulezi kabla ya kupata watoto wao. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, mnyama huyu nusura atoweke. Msitu ulifyekwa ili kupata mashamba ya miwa na kahawa, malisho ya ng'ombe na viwanja vya miji. Isitoshe, watu walimnasa wakamfuga kama pambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walibaki yapata 200 tu porini. Mwaka 1974 serikali ilitenga hifadhi ya Poço das Antas, na kuanzia 1984 tamarini waliozaliwa katika bustani za wanyama wakarudishwa msituni. Kazi haikuwa rahisi, kwani wengine hawakujua hata kutafuta chakula!

Wakaongezeka hadi kufikia 3,700 hivi. Mara, lo! Homa ya manjano ikazuka, na baada ya mkurupuko wa 2017 na 2018 wakabaki kama 2,500. Wataalamu hawakukata tamaa. Mwaka 2021 walianza kuwachanja tamarini, na hesabu ya 2023 ilionyesha wapata 4,800.

Bado tatizo lipo. Msitu umekatika vipande vipande, na jamaa iliyofungiwa katika kipande kimoja huishia kuzaana wao kwa wao, uzao ukadhoofika. Ndiyo maana mwaka 2020 daraja lenye miti lilikamilishwa juu ya barabara kuu ya BR-101, wanyama wavuke bila kukanyagwa na magari.

Wenzangu, kufyeka msitu ni kazi ya siku chache, ila kuunganisha vipande vyake ni kazi ya vizazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.