Tanzania: Wanaolinda mito ya Usangu bila mshahara

Katika nyanda za Usangu, kusini-magharibi mwa nchi jirani ya Tanzania, kila kiangazi huleta mvutano wa maji. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu, hupita karibu na mashamba ya mpunga, na maji yake hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu. Kutoka hapo Mto Ruaha Mkuu huvuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuelekea mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo mitambo yake ina uwezo wa kuzalisha megawati 80 na megawati 204 za umeme. Tangu mwaka 1993, mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko na mamba husongamana katika madimbwi machache yanayosalia.

Kwa muda mrefu lawama ziliwaangukia wafugaji. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wengi wao Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka. Watafiti waliochunguza bonde hilo walikuwa wamekwisha kuonyesha sababu nyingine, isiyoonekana kwa urahisi kama kundi la ng'ombe: mabanio ya mifereji. Mpunga hulimwa masika, lakini katika mifereji mingi maji huendelea kuchepushwa hata baada ya mavuno, yakapotelea mashambani na kukaushwa na jua.

Je, ni nani wa kufunga banio? Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na Ruaha Mkuu uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Bodi ndiyo inayotoa vibali, lakini haiwezi kuweka mtumishi penye kila mfereji wa eneo pana kiasi hicho. Hapo ndipo wanapoingia wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inawaruhusu watu wanaotegemea chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji. Jumuiya hiyo hugawa maji, hutunza chanzo na kusuluhisha wanachama wake. Yaweza pia kumiliki kibali na kukusanya ada kwa niaba ya bodi. Viongozi wake huchaguliwa na wenzao, na kwa kawaida ni wakulima wanaojitolea, wenye mashamba yao wenyewe ya kuangalia.

Kazi yao kubwa ni kupanga zamu. Kijiji cha juu huchukua maji kwa siku au saa zilizokubaliwa, kisha hufunga ili cha chini kipate. Zamu hizo huvunjwa hasa usiku, kwa hiyo kuna wanaokesha kando ya mfereji, tochi mkononi. Wala kufunga banio si jambo la haki tupu. Wapo wanavijiji ambao mfereji huo huo ndio kisima chao: humo huchota maji ya kunywa, hufua na kunywesha mifugo. Ukiufunga wote, umewanyima maji watu ili uwapelekee viboko. Kiongozi wa jumuiya hulazimika kujadiliana juu ya kiasi cha kuacha, na hapo ufahamu wake wa kaya moja moja humfaa kuliko kipimo chochote kilichoandikwa katika kibali.

Huko juu milimani mgogoro ni wa namna nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Lakini katika nyanda za juu kusini, mabonde hayo yenye unyevu ndiyo yenye vinyungu, yaani bustani za kiangazi zinazolisha familia wakati mashamba mengine yamekauka. Pia watu hupanda mikaratusi, mti unaokua haraka na kuuzwa kwa faida, lakini unaofyonza maji mengi. Wanaojitolea huwashauri wenzao kuing'oa penye vyanzo na kupanda miti rafiki wa maji, kama vile mivengi. Anayeshauriwa mara nyingi ni jirani, pengine shemeji. Huyo ataachia bustani yake leo ili mkulima asiyemjua apate maji bondeni. Na fidia haipo.

Ujirani huo ndio nguvu ya jumuiya hizi, na ndio udhaifu wake pia. Kiongozi husikilizwa kwa kuwa ni mwenzao, ila ni vigumu kumshtaki mtu ambaye kesho mtakutana naye msibani. Zaidi ya hayo, jumuiya nyingi zilianzishwa kwa msaada wa miradi. Mradi unapokwisha, ada za wanachama ni ndogo, nauli ya mikutano hukosekana, na baadhi ya jumuiya hubaki kwa jina tu. Ni vigumu kukubali kwamba umeme wa taifa na watalii wa hifadhi wategemee mtu anayejinunulia betri za tochi.

Kwetu Burundi habari hii si ya mbali. Mto Muragarazi, ambao Watanzania huuita Malagarasi, huanzia kwetu, huingia kwao, na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Upande wa Tanzania uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, na sheria ile ile ya mwaka 2009 inawapa wanavijiji wa huko haki ya kuunda jumuiya zao. Sheria hiyo huishia mpakani. Maji yanayowafikia huwa yamekwisha kupita katika mashamba ya upande wetu.