Dhahabu ya Fizi: nani apange bei, serikali au soko?

Uchumi uongozwe na serikali au uachiwe soko huria? Vyuoni wanabishana juu ya hilo kila mwaka. Huku Fizi, jimboni Kivu Kusini, mifumo yote miwili imeshapita, na dhahabu ya milima yetu imepita ndani yake.

Jaribio la kwanza halikutoka Kinshasa. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama cha PRP, akaweka makao Hewa Bora, milimani Fizi. Akaendesha nchi ndogo ya kisoshalisti yenye mashamba ya pamoja. Dhahabu na pembe za ndovu zilivushwa ziwa Tanganyika kimagendo ili kulisha vita. Chama kilihubiri usawa, lakini mwenye bunduki ndiye alikuwa mwenye mizani.

Mobutu naye, tarehe 30 Novemba 1973, alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Mengi yaliangukia mikononi mwa watu wa utawala, rafu zikabaki tupu, na baada ya miaka michache akaanza kuyarudisha. Mwaka 1982 serikali ikageuka kabisa: raia akaruhusiwa kuchimba na kuuza dhahabu mwenyewe.

Basi soko likawa huria. Lakini huria kwa nani? Ukitoka Baraka, ukapita Fizi na Lulimba, unafika Misisi. Kwenye machimbo kama hayo, mara nyingi mfanyabiashara humkopesha mchimbaji chakula na vifaa kabla shimo halijatoa kitu. Dhahabu ikipatikana, deni ndilo linaamua itauzwa kwa nani na kwa bei gani. Ongeza vizuizi vya wenye silaha barabarani, na kila kizuizi kinakula kwenye bei ya aliye chini shimoni.

Serikali ilirudi tena sokoni mwaka 2023, kupitia Primera Gold, kampuni iliyokuwa wakati huo ya Kongo na Falme za Kiarabu, ikiwa na ofisi Bukavu. Mwaka uliotangulia, dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyouzwa nje kihalali ilikuwa makumi ya kilo tu. Mwaka huo ikapita tani 5. Hayo ni mafanikio, tusiyakatae. Ila yalionyesha zaidi dhahabu iliyokuwa ikipotea kwa magendo kuliko kilichobadilika mfukoni mwa mchimbaji. Kisha Februari 2025 Bukavu ikaanguka mikononi mwa M23, na mnunuzi wa serikali akakatwa na machimbo.

Kwa maoni yangu, mchimbaji wa Misisi anahitaji kwanza wanunuzi zaidi ya mmoja, mizani iliyokaguliwa, na bei anayoijua kabla ya kufungua mkono. Bei ya dunia hutangazwa London kila siku ya kazi, kwa wakia, yaani gramu 31.1. Kuigawa kwa gramu na kuibandika mlangoni mwa ofisi ya sekta ni kazi ya dakika tano, na haihitaji serikali ishike biashara wala iiache.