Rovu: Chumvi Hukinga, Tiba Huanza kwa Kipimo

Rovu lilienea Iringa na Mbeya kwa upungufu wa madini joto katika udongo na chakula. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo, kisha ikaja chumvi. Chumvi hukinga, haiondoi uvimbe wa miaka mingi. Mgonjwa wa Kalenga apimwe damu kwanza, kwani ukubwa wa rovu hauonyeshi utendaji wa tezi. Tezi ikizembea, hupewa levothairoksini, imezwayo asubuhi kabla ya kula, aghalabu maisha yote. Ikizidisha kazi, hupewa kabimazoli. Akipata homa na maumivu ya koo, asidhani ni mafua tu: aache dawa hiyo na seli nyeupe za damu zipimwe siku hiyohiyo. Upasuaji hufaa rovu libanalo koromeo au lishukiwalo kuwa saratani.