Mkeka Si Jamvi

Juma lililopita nilipata fursa ya kuzuru maonyesho ya mikeka iliyosukwa kwa mkono mjini Mombasa. Yalikuwa madogo: ukumbi mmoja, meza chache, na kuta zilizotundikwa mikeka ya kila rangi. Nilikwenda, nakiri, kama msomi aendaye kupunga upepo.

Kwenye kila kazi palibandikwa kijikaratasi chenye bei na neno moja tu: "Mkeka". Jina la msusi halikuwapo. Nikasimama mbele ya kitu kipana, kigumu, chenye rangi ya majani makavu, nikamwamkia mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando akisuka. Akaitikia marahaba. Nikamwuliza mkeka ule ulichukua siku ngapi kumalizika.

"Huo si mkeka, mwanangu," akajibu bila kuinua macho. "Hilo ni jamvi."

Msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba jibu hilo lilinichoma kuliko maswali yote ya watahini wangu wa shahada ya uzamifu. Tofauti hiyo nimeisoma katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na nimeifundisha miaka nenda miaka rudi. Jamvi husukwa kwa miyaa, majani ya mkoma, likatandikwa sakafuni kwa ajili ya hadhara. Mkeka ni wa ukindu, nao ni laini, wa kulalia. Nilikuwa na maneno yote mawili kichwani, lakini macho yangu hayakuweza kuyatenganisha.

Mama yule akanihurumia, akanionyesha kazi yake tangu mwanzo. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajakunjuka, yakaanikwa juani. Kisha huchanwa, na kila kipande chembamba huitwa chane. Baadhi ya chane hutiwa rangi. Zamani nyeusi ilipatikana katika mizizi ya mdaa, siku hizi rangi hununuliwa dukani. Ndipo chane husukwa zikawa ukili, utepe mrefu ambao hushonwa ubavu kwa ubavu hata mkeka ukatimia. Ukumbini humo mlikuwa pia na misala ya kusalia, vitanga vya mviringo, na fumba moja, yaani mkeka ulioshonwa mfano wa mfuko. Vyote hivyo, kwa mujibu wa vijikaratasi, vilikuwa "Mkeka". Nao mabaharia wetu wa kale walisafiri kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari ya chuma, ambacho tanga lake lilikuwa la majani yaliyosukwa vivyo hivyo.

Watahiniwa wetu hukariri methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Huitia katika insha zao kwa madaha. Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi mbachao ni nini, na wachache mno hujua kwamba ni mbacha wako, mkeka wako mkuukuu uliochakaa. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, sikuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote aende akautazame. Watangazaji wa redio nao hukunja jamvi kila jioni. Sijui ni wangapi wamewahi kulikunja.

Kijana wa leo akitaja mkeka, aghalabu amekusudia orodha ya mechi alizozichezea kamari, na mkeka ukichanika, fedha zimekwenda. Sikasiriki, kwani lugha iliyo hai hupanuka. Ila natambua kwamba kwa msusi kuchana ndiko kuanza, ilhali kwa mcheza kamari kuchanika ndiko kwisha.

Wala simlaumu mama wa nyumbani anunuaye mkeka wa plastiki. Ni rahisi, huoshwa kwa maji ukakauka upesi. Ninaowalaumu ni waandaaji wa maonyesho, watu walioamua kwamba kazi hii yastahili kutundikwa ukutani na kutazamwa. Maadamu wamefika hapo, hapana gharama yoyote katika kuandika jamvi panapostahili jamvi, na chini yake jina la aliyelisuka. Mchoraji wa picha hutajwa jina. Seuze mwanamke ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa ukili?

Mama yule aliniambia amewasomesha wanawe wanne kwa kazi hiyo. Ana wajukuu wasichana watatu, na hakuna hata mmoja ashikaye ukili. Wanasema unaumiza vidole. "Na ni kweli, unaumiza," akasema, akacheka.

Nikanunua msala mmoja mdogo, wa rangi mbili, uliotoka mikononi mwake. Nikamwomba aniandikie jina lake kwenye kile kijikaratasi. Akakigeuza upande wa nyuma, akaandika polepole kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, kisha akanirudishia kalamu yangu na kuuokota ukili wake.