Sahihi Isibaki Peke Yake: Makro na Mpangilio wa Kurasa

Katika mji wa Rumonge, ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, barua moja hupitia lugha kadhaa kabla ya kutiwa mhuri. Mwenye shida huieleza shida yake kwa Kiswahili au kwa Kirundi. Mpiga chapa huiandika kwa Kifaransa, juu ya kibodi ambayo herufi zake zimepangwa kwa desturi ya Kifaransa, A ikikaa mahali pa Q. Hayo hayamtishi mpiga chapa hodari. Linalotia mashaka ni pale karatasi zinapotoka kwenye mashine: maneno yameujaza ukurasa wa kwanza wote, na katika ukurasa wa pili hakuna kitu ila mahali pa tarehe, sahihi na mhuri.

Wako watakaouliza ubaya wake ni upi, maadam maneno yote yamo. Askari polisi aliyewahi kupeleleza kesi ya kughushi hatauliza. Karatasi yenye sahihi na mhuri pasipo neno jingine ni sawa na hundi iliyotiwa sahihi bila kuandikwa kiasi. Mtu mwovu huchomoa pini, akaitupa karatasi ya kwanza, akaambatanisha nyingine. Na pale palipoandikwa kwamba shamba limekodishwa kwa msimu mmoja pakasomeka kwamba limeuzwa. Katika ufuko huu hilo si jambo la mzaha. Watu wengi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walirejea baada ya miaka mingi na kukuta ardhi yao, pamoja na michikichi iliyomo, ikilimwa na wengine, hata Serikali ya Burundi ikaunda mwaka 2006 tume ya ardhi na mali nyinginezo ili kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Mbele ya shauri kama hilo, karatasi ni shahidi, na shahidi aliyekatwa kichwa hana analoweza kusema.

Dawa ambayo wapiga chapa wengi huitumia ni kubonyeza kitufe cha kushukia mstari mara nane au kumi, mpaka sahihi ikae panapopendeza machoni. Dawa hiyo hudumu kwa siku moja tu. Kesho yake likiongezwa jina la shahidi mmoja, au karatasi ikipelekwa kwenye mashine nyingine, kila kitu husogea na sahihi hujikuta imetupwa tena ukurasa wa peke yake. Programu ya kuandikia ina amri yake maalumu kwa kazi hii. Katika programu ya Word ya Kifaransa huitwa "paragraphes solidaires", yaani aya zinazoshikamana: aya iliyopewa amri hiyo haikubali kuachana na ile inayoifuata. Ukiifunga aya ya mwisho ya barua pamoja na mistari ya sahihi, basi nafasi ikikosekana zote zitahamia ukurasa wa pili kwa pamoja, na sahihi haitalala humo bila maneno yanayoieleza. (Kuna amri nyingine karibu na hiyo ambayo Wafaransa huiita ya kuepuka wajane na yatima: mstari wa kwanza wa aya ulioachwa peke yake chini ya ukurasa, au mstari wa mwisho uliotupwa juu ya ukurasa wa pili. Ni majina ya huzuni kwa mambo ya karatasi, lakini aliyeyasikia mara moja hayasahau.)

Hapo ndipo inapoingia makro. Amri hizo ni nyingi, na binadamu husahau. Makro ni mfululizo wa amri uliohifadhiwa chini ya jina moja, ili ukilitaja jina, kompyuta itekeleze zote kwa utaratibu uleule. Askari wataelewa upesi kuliko sisi raia: sajini akisema "Nyuma geuka" hahitaji kueleza kisigino kipi kitangulie wala mguu upi urudi, kwani hayo yalifundishwa zamani na neno lenyewe linayabeba.

Kuitengeneza hakuhitaji elimu ya juu. Katika Word kuna kinasa chake, kwenye orodha ya "Affichage", chini ya "Macros". Ukikiwasha, hurekodi kila unalofanya mpaka utakapokizima. Tuseme karani amekiwasha. Kwanza huchagua karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, kwa kuwa mashine nyingine hutoka kiwandani zikitarajia karatasi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279, na hicho ndicho chanzo cha mistari mingi kukatika. Kisha huweka pambizo ya kushoto iwe sentimita 3, ili toboo za faili zisile maneno. Huweka namba za kurasa kwa namna ya "1 kati ya 2", wala si "1" peke yake, maana namba ya jumla ndiyo inayofichua karatasi iliyochomolewa. Mwishowe hubonyeza Ctrl na Fin aende mwisho wa barua, hupanda juu kwa kibodi akichagua mistari ya sahihi na aya iliyo juu yake, na kuifunga pamoja.

Tumesema kwa kibodi, na kwa sababu. Kinasa hicho hakikubali kuchagua maneno kwa puku. Tena hakina akili: kikinasa kupanda mistari minne, kitapanda minne katika kila barua, hata ile yenye mashahidi sita. Kwa hiyo ofisi inayotaka makro lazima kwanza iamue umbo moja la mahali pa sahihi. Kwa maoni yetu uamuzi huo, unaowalazimu makarani kukaa na kukubaliana, ni nusu ya faida yote.

Jambo la majedwali halina budi kutajwa. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za ufukoni, Rumonge ikiwamo, na familia zikahama. Msiba wa namna hiyo huzaa orodha ndefu za kaya. Orodha ya kurasa nyingi isiyopangwa huukata mstari katikati: jina la mama chini ya ukurasa huu, idadi ya watoto wake juu ya ukurasa ule, tena bila vichwa vya safu, hata msomaji asijue namba 6 ni watoto au ni siku walizokaa nje. Makro ya amri mbili tu, mstari usikatwe na vichwa virudiwe katika kila ukurasa, hulimaliza tatizo.

Tena kuna habari ya majina ya mikoa. Tangu mwaka 2015 Rumonge ilikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo. Mwaka 2025, mikoa 18 ya Burundi ilipounganishwa kuwa 5, Rumonge ikawa komini ya mkoa wa Burunga. Mwenye haraka angeiamuru makro ibadilishe kila neno "Rumonge" kuwa "Burunga" katika mafaili yote. Asithubutu! Komini bado inaitwa Rumonge, na mtoto aliyezaliwa mwaka 2018 alizaliwa katika mkoa wa Rumonge, wala hakuna makro yenye haki ya kumhamishia kwingine. Kinachobadilishwa ni kiolezo, ile karatasi tupu ambayo barua mpya huanzia. Hati zilizokwisha kutiwa sahihi haziguswi. Na ajuaye kuandika makro kwa mkono akumbuke kwamba kichwa cha ukurasa ni chumba cha pembeni: makro iliyotumwa kutafuta katika maneno ya kati haitaingia humo mpaka iagizwe.

Makro yaweza pia kuwa mwizi. Mwezi Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kikiwa kimejificha ndani ya hati ya Word, kwa makro iliyojituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza katika daftari la anwani la kila aliyeifungua. Kwa sababu ya mambo kama hayo, tangu mwaka 2007 Word hutenganisha hati za kawaida, zenye alama ya docx, na zile zenye makro, zenye alama ya docm. Na mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzuia makro katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Lakini faili iliyoletwa kwa flashi mara nyingi hupewa onyo tu, na kitufe cha kukubali kiko palepale. Barua ya kuomba kazi au ya kumwita mtu harusini haina haja ya makro; ikija na docm, isifunguliwe katika kompyuta ya kituo.

Ofisi isiyo na fedha ya kununua Word yaweza kutumia LibreOffice, ambayo hutolewa bure na ina makro zake. Kabla yake ilikuwapo OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilipata toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo makro ya Word si lazima ikubali kutembea ndani ya LibreOffice, basi ijaribiwe kwanza juu ya nakala. Tena makro za Word kwa kawaida hukaa ndani ya faili iitwayo Normal.dotm, katika kompyuta moja tu. Siku kompyuta hiyo itakapoungua kwa umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, makro zitaondoka nayo, isipokuwa kama faili hiyo ilinakiliwa kwenye flashi na kufungiwa kabatini pamoja na mihuri.