Kwa Baiskeli Chini ya Milima ya Udzungwa

Na Mwandishi Wetu

Mfanyakazi wa mjini akipata likizo, desturi humpa njia mbili: kwenda kijijini kuwasalimu wazee, au kubaki nyumbani akitengeneza banda la kuku. Njia ya tatu, yaani kuizunguka nchi yake kwa nia tu ya kuiona, huachiwa wageni wenye kamera. Na akithubutu kusema kwamba atazunguka kwa baiskeli, majirani humhurumia kimyakimya, wakidhani kwamba mwezi huu mshahara haukufika.

Huruma hiyo haina msingi. Baiskeli humfikisha mtu mbali kuliko miguu yake, wala haimfungii nyuma ya kioo kama basi. Mwenye baiskeli hunusa mpunga uliokatwa, husikia kima wakiitana mlimani, na akisalimiwa huweza kuitikia kabla hajapita. Zaidi ya hayo, huyajua kwa mapafu yake mwenyewe mahali mlima unapoanzia na mahali unapokoma.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu safari moja ya namna hiyo: kutoka mji wa Mikumi hadi Ifakara, mkoani Morogoro, mwendo wa kilomita 100 na ushei. Kuanzia Kidatu, aendaye Ifakara huwa na milima ya Udzungwa upande wake wa kulia, imevaa msitu toka miguuni hadi mabegani. Kushoto kwake hutandaza bonde la mto Kilombero, lenye miwa, mpunga na mianzi. Gari huimaliza njia hiyo kwa saa chache. Baiskeli huhitaji siku mbili, na nne ni bora zaidi.

VILIMA KABLA YA BONDE

Safari hii isianzie Morogoro mjini. Barabara kuu iendayo Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo nyati na simba hawajui taratibu za likizo. Mwenye busara hupakia baiskeli yake katika basi, akashuka katika mji wa Mikumi, mahali inapochepuka barabara ya kwenda kusini.

Kutoka hapo hadi Kidatu ni kilomita 35 hivi za vilima vya miombo. Mwenye baiskeli ya gia hupanda polepole akiwa amekaa. Mwenye Phoenix ya gia moja, baiskeli inayojulikana zaidi katika vijiji vyetu, hushuka akasukuma, na hapana aibu yoyote. Wakulima wa huko husukuma kila siku, tena wakiwa na gunia juu ya keria. Hatari haimo katika kupanda bali katika kushuka. Kabla ya mteremko mrefu, kagua raba za breki. Na wakati wa kushuka, finya na kuachia, finya na kuachia, usije ukakamata breki moja kwa moja mpaka rimu zikapata moto. Mzigo uwe chini na usawa pande zote mbili, kwani mzigo uliorundikwa juu ya keria huyumbisha baiskeli katika kila kona.

Mteremko wa mwisho humfikisha msafiri kwenye mto Ruaha Mkuu. Hapo Kidatu lipo bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi hakikuwapo nchini kituo cha umeme wa maji kilicholizidi, mpaka lilipojengwa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini hata bwawa hilo jipya halijajitenga na bonde hili. Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Kilombero vilevile ni tawi lake. Wataalamu hukadiria kwamba zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji hutoka Kilombero.

KILA DARAJA NA MAJI YAKE

Baada ya Kidatu na Mkamba, mashamba ya miwa ya Kilombero huizingira barabara. Miwa hiyo si ya kampuni peke yake. Sehemu kubwa hulimwa na wakulima wadogo wa vijiji vya jirani. Halafu miwa hupungua, mpunga hushika nafasi, na mlima husogea karibu hata mtu hudhani kwamba akinyoosha mkono ataugusa.

Hapo ndipo msafiri wa baiskeli huanza kuona jambo ambalo abiria wa basi hulipita akiwa usingizini. Kila baada ya mwendo mfupi kuna daraja, na chini ya kila daraja kuna maji. Mito midogo ya Msolwa, Sonjo, Sanje na mingineyo hushuka kutoka msituni ikiwa safi na baridi, hata katika miezi ya kiangazi ambapo visima vya kwingineko hukauka. Msitu hupokea mvua na ukungu, huyahifadhi maji katika udongo wake, kisha huyatoa kidogo kidogo. Mlima ukiwa mtupu, mvua hiyohiyo ingeshuka kwa siku moja kama mafuriko, na mwezi wa Septemba bonde lingebaki na mchanga.

Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya wanyama wasiopatikana kwingine, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990. Humo wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa, na pia mangabei wa Sanje, kima ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimsikia miaka yote. Hifadhi hii hutembelewa kwa miguu. Msafiri huiacha baiskeli yake Mang'ula, yalipo makao makuu, hulipa kiingilio, kisha hupanda pamoja na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kwa hatua jumla ya mita 170.

MZIGO WA KUNI

Siyo kila kitu katika bonde hili ni cha kufurahisha macho. Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Sababu iliyotolewa ni ya kweli: anayeingia kuokota hukanyaga miche, na miongoni mwa waokotaji huwamo wenye mapanga na mitego. Hata hivyo, siku ruhusa ilipokoma, njaa ya jikoni haikukoma.

Karibu na Mang'ula mwandishi wa makala haya alikutana na mama mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo mkubwa wa kuni. Baada ya shikamoo na marahaba, mazungumzo yaliingia katika habari za msitu. Mama huyo hakuulaumu mlima. Alisema kwamba mtoto wake hakosi maji ya kunywa, na mpunga wake haukosi maji ya kumea, na yote hayo ni kwa sababu msitu umelindwa. Kisha akaongeza: "Lakini maji hayajichemshi, mwanangu."

Maneno hayo yanastahili kufikiriwa na kila familia ya mjini. Taa inayowaka sebuleni, sukari iliyomo katika kikombe cha chai na wali wa siku ya sikukuu huweza kuwa vimetoka katika bonde moja, na vyote hutegemea mlima uliofunikwa na miti. Faida ya ulinzi huo tunaigawana sote. Gharama yake, yaani mwendo mrefu wa kutafuta kuni, imemwangukia zaidi mama wa kijiji cha pembezoni. Zipo juhudi za kumpunguzia mzigo: miti ya kuni hupandwa mashambani, na majiko banifu yanayotumia kuni chache hufundishwa vijijini. Juhudi hizo zinafaa, ila mti huchukua miaka kukua na chakula cha jioni hakingoji.

Msafiri hawezi kuitatua shida hiyo kwa siku nne. Anaweza lakini kusafiri kwa namna ambayo fedha yake itabaki bondeni: alale katika nyumba za wageni za kijijini, ale kwa mama lishe, amlipe mwongozaji bila kumnyonya, na anunue mchele kwa mkulima mwenyewe. Zaidi ya hayo, akimwona mtu na mzigo wa kuni, asiharakishe kumwita mharibifu wa mazingira.

LAMI NA MWENDO

Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita 66.9, ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa vumbi, na mgonjwa aliyepelekwa Ifakara hospitalini aliteseka njiani kuliko alivyoteswa na ugonjwa. Lami imeleta nafuu ambayo hakuna mwananchi wa huko atakayeikana. Wajenzi waliwakumbuka hata tembo, wakawatengenezea njia ya kupita chini ya barabara, kwa kuwa tangu zamani wanyama hao huvuka bonde kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere.

Pamoja na nafuu hiyo umekuja mwendo wa kasi. Katika bonde hili baiskeli hubeba gunia la mpunga, dumu la maji, mwanafunzi, na bibi aendaye zahanati. Wakati wa mavuno ya miwa, matrekta na malori hutumia njia hiyohiyo. Dereva atokaye mjini, akiona lami iliyonyooka, husahau kwamba pembeni kuna familia nzima juu ya magurudumu mawili.

Basi msafiri wa baiskeli ajihadhari, na arudipo mjini awaonye na jamaa zake wenye magari. Ashike upande wa kushoto, asiende sambamba na mwenzake, avae nguo ya rangi ya kuonekana, na awe amefika anapolala kabla ya jua kuzama. Akisikia lori nyuma yake katika sehemu nyembamba, ashuke pembeni. Kuchelewa kwa dakika moja hakujaharibu likizo ya mtu.

MATAYARISHO

Miezi inayofaa ni Juni hadi Oktoba, baada ya masika. Siku ya kwanza nenda Mikumi hadi Kidatu. Siku ya pili nenda Mang'ula, kilomita 25 hivi. Siku ya tatu pumzisha baiskeli na upande msituni. Siku ya nne malizia kilomita 40 na kidogo hadi Ifakara, ukipitia Kisawasawa na Kiberege. Mwenye nguvu zilizobaki aendelee kilomita chache kusini mwa mji, akaone daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018 mahali ambapo awali watu walivushwa kwa kivuko.

Chukua pampu, viraka na gundi, tyubu moja ya akiba, spana, kofia, chandarua, dawa zako na maji yasiyopungua lita tatu. Spoku ikikatika usihangaike. Chini ya miembe ya vijiji hivi wapo mafundi ambao wamezinyoosha rimu tangu utotoni, nao hufanya kazi hiyo kwa jicho na kidole tu. Mlipe fundi anachostahili, mwulize hali ya barabara iliyo mbele, kisha panda baiskeli yako uendelee.