Ufuate Mto Nile, Uijue Uganda

Wahenga walisema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini yuko askari mmoja mstaafu wa Uganda ambaye aliivuka daraja la Karuma mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na asiuone mto hata mara moja. Alivuka nyuma ya lori, chini ya turubai, mara nyingi usiku. Maji aliyasikia tu yakinguruma. Siku moja mjukuu wake akamwuliza, “Babu, mto ule una sura gani?” Mzee akakosa jibu.

Hapo ndipo alipotambua kwamba alizijua njia za nchi yake, lakini nchi yenyewe hakuijua. Watoto wake nao walikulia katika kambi. Walijua majina ya kambi, siyo majina ya milima na mito. Tangu hapo, yeye na mkewe wamekuwa wakisafiri kila wapatapo nafasi, na leo majirani humwendea kuomba shauri kabla ya kufunga mizigo.

Shauri lake la kwanza ni hili: usiikimbilie nchi nzima kwa mara moja. Shika uzi mmoja na uufuate. Yeye alichagua Mto Nile.

Safari huanzia Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Hapo ndipo maji yanapotoka katika Ziwa Viktoria. Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali hapo tarehe 28 Julai 1862, akayaona maporomoko aliyoyaita Ripon. Msafiri wa leo hatayaona, kwa maana yalifunikwa na maji kutokana na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Maporomoko ya Bujagali nayo yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Nchi imepata umeme, nalo ni jambo la maana. Lakini mzee huwaambia vijana kwamba wasidhani kila kitu kitawangojea mpaka wastaafu.

Kutoka Jinja mto huenda kaskazini, huingia Ziwa Kyoga, kisha hugeukia magharibi na kupita Karuma. Bwawa kubwa la umeme la megawati 600 lilizinduliwa hapo mwaka 2024. Kando ya barabara nyani hukaa wakingojea chakula. Asiwepo mtu wa kuwapa ndizi kupitia dirishani: nyani aliyezoea kulishwa hunyang'anya, na mtoto aweza kuumizwa. Tena, kabla ya kupiga picha ya daraja au bwawa, omba ruhusa kwa walinzi. Msomaji aliyewahi kushika zamu mahali kama hapo hahitaji kuelezwa sababu.

Mahali ampendapo mzee kuliko pote ni maporomoko ya Murchison. Mto mzima hujibana katika mwanya wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaanguka mita 43. Ardhi hutetemeka chini ya miguu, na manyunyu huloanisha nguo. Kando yake yako maporomoko mengine yaitwayo Uhuru, yaliyojitokeza mwaka 1962 wakati mafuriko yalipoufanya mto utafute njia ya pili. Na mwaka huo ndio Uganda ilipopata uhuru wake. Mjukuu alisimama hapo kimya kwa muda mrefu. Jibu la swali lake lilikuwa mbele ya macho yake.

Kwa akina mama wanaotayarisha safari, mke wa mzee ana mashauri yake. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, kwa kuwa wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wengine katika mbuga za taifa. Nguo za buluu iliyokoza na nyeusi ziachwe nyumbani, kwani huvutia mbung'o. Chandarua kisisahauliwe. Watoto wasiogelee katika maji ya ziwa yaliyotulia, yenye majani kandokando, kwa sababu ya kichocho. Na usiku mtu asitembee peke yake ukingoni mwa mto, maana kiboko hutoka majini kuja kula majani, na mtu akimzibia njia ya kurudi, humshambulia.

Tena husema: ondokeni alfajiri, mfike jua lingali juu, na mle chakula cha mahali mlipo. Katika njia ya Jinja kuna kuku wa kuchoma na gonja za Namawojjolo. Katika nchi ya Acholi kuna mboga ya malakwang iliyoungwa kwa ufuta. Huko Pakwach, mto ukishatoka Ziwa Albert, kuna samaki wakavu waitwao angara. Mgeni anayekula cha wenyeji na kuwasalimu kwa lugha yao, hata kwa neno moja tu, hupokewa kama ndugu. Wengine walimwona mzee zamani akiwa na bunduki; sasa wamemwona akiwa na mjukuu mkononi.

Si lazima likizo iwe ndefu wala mfuko uwe mzito. Aliye Kampala aweza kwenda Jinja asubuhi na kurudi jioni. Mwaka ujao ataendelea kutoka pale alipoishia.

Waliporudi nyumbani, bibi aliwapika wale angara. Watoto wa jirani wakauliza samaki hao wametoka wapi. Mjukuu hakumngojea babu yake ajibu. Alichukua kijiti, akauchora mto mchangani, kuanzia Jinja mpaka Pakwach.